Moto wa Kulitoboa Wingu

Mji wetu umekaa ndani ya karai. Panda mpaka pale kwenye mnara wa simu, juu ya mtaa wa waashi, utauona wote bila kugeuza shingo sana: milima pande zote, mto katikati ukijipindapinda kama mtu anayepenya foleni, na mabati ya nyumba yakipanda miteremko yote miwili mpaka mahali ambapo hata mbuzi anauliza njia. Si mji mkubwa. Huwezi kupotea humu, ila kumkwepa mkweo unaweza. Kuna soko, kiwanda cha saruji, hospitali ya ghorofa, mahakama, na taa za kuongozea magari ambazo zimeng'ang'ania rangi nyekundu tangu zilipofungwa, nasi tumezizoea, tunapita.

Jua letu ni mtumishi wa serikali. Linafika saa nne, linaondoka saa tisa, na katikati linatoka kidogo kunywa chai. Upande wa magharibi wanalipata kwanza, upande wa mashariki wanalipata mwisho, ndiyo maana jogoo wa pande hizi mbili hawajawahi kukubaliana saa. Mwangwi nao ni raia kamili. Zamani fundi viatu mmoja aligombana na mkewe kwenye kibaraza chao cha magharibi, akamfokea, "Nyamaza!" Sauti ikavuka bonde, ikagonga mwamba wa mashariki, ikazunguka huko ilikozunguka, ikamrudia mwenyewe akiwa anakula chakula cha jioni: "Nyamaza!" Akanyamaza mwaka mzima. Mimi sikuwepo, lakini habari hii niliipata kwa mtu ninayemwamini sana, naye ni mimi mwenyewe.

Sasa karai hili lina kifuniko. Msimu wa mvua wingu linashuka, linakaa juu ya vilele, linaziba. Chini ya kifuniko tunabaki sisi na moshi wa kiwanda, tunachemka polepole. Barabara ya kutokea ni moja tu, inapita kwenye upenyo wa kusini, na mwaka huo mlima ulikuwa umeishukia. Tingatinga lilikuwa linakwangua udongo, mlima unaongeza mwingine. Ikabaki ndege.

Ndege yetu ni ndogo, inakuja mara mbili kwa wiki, na haiingii kwa kubahatisha. Uwanja umebanwa na milima kiasi kwamba rubani akikosea kidogo anatua jikoni kwa mtu. Kwa hiyo kwenye mgongo wa mlima unaotazama uwanja yamepakwa chokaa mawe makubwa matatu, moja chini, moja kati, moja juu. Kando ya chumba cha redio kuna jukwaa la mbao. Mtazamaji anapanda jukwaani na darubini, anasema anayaona mawe mangapi, na mwenye redio anamwambia rubani. Yakionekana matatu, ndege inashuka. Mawili, inazunguka ikisubiri. Likionekana moja tu mpaka raundi inaisha, au lisionekane hata moja, inarudi ilikotoka. Kazi hiyo niliifanya mimi mpaka nikastaafu, ndiyo maana mtaani naitwa Mzee Mawe. Watu hunicheka, "Yaani wewe ulilipwa kuangalia mawe?" Nami huwajibu, "Nyinyi je, si mnalipwa kuangaliana?"

Mji mzima unajua lugha ya ndege hiyo. Ikisikika inazunguka juu ya wingu bila kushuka, mshona nguo anaondoa mguu kwenye cherehani, muuza sabuni ananyamaza, hata hakimu husimamisha shauri. Raundi ya kwanza ni ya salamu. Ya pili ni ya kubembeleza. Ya tatu ni ya kwaheri, kwa sababu mafuta hayaruhusu ya nne. Mlio ukianza kupungua kuelekea kusini, kila mtu anarudi kwenye shughuli yake, isipokuwa yule ambaye mtu wake alikuwa humo ndani.

Safari hiyo mtu alikuwa wa kwangu.

Mwanangu wa mwisho, Kitinda, anafanya kazi ya upishi kwenye hoteli, nchi ya mbali. Alikwenda huko msichana, akaolewa huko, akazaa huko. Binti yake ana miaka minne, na mama yangu mzazi angekuwa hai ningemwambia amezaliwa upya, maana kwenye simu mtoto yule anaamrisha watu kama askari. Lakini mke wangu alikuwa hajamwona. Na macho ya mke wangu yalikuwa yanafunga.

Ni presha ya macho. Daktari wa hospitali ya ghorofa alituambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki ni cha wiki chache. Kwa wakati huo mke wangu alikuwa anaona kwa katundu tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hata hako katundu kanataka jua kali. Tulimletea picha ya mjukuu. Akaisogeza puani, akaizungusha, akaiweka mezani.

"Nimeona paji la uso," akasema. "Halafu nikaona pua. Nilipofika kwenye pua, paji likawa limenitoka."

"Basi anza tena na paji."

"Wewe mwanamume, mimi nasoma gazeti? Nataka nimpakate. Nikiona pua, mkono uko kwenye paji. Nikiona mdomo, mkono uko kwenye shavu. Hivyo nitampata mzima. Picha haina cha kushika."

Video kwenye simu nayo tulijaribu. Akasema anaona taa inacheka.

Kitinda alipoambiwa akaomba ruhusa kazini. Akapewa siku chache, na nyingi kati ya hizo zikaishia kwenye uwanja wa ndege wa huko chini tambarare, yeye na mtoto wamelala kwenye mabenchi, kila wakiuliza wanaambiwa wingu, wingu. Ikabaki siku moja. Ndege ingepanda, ingejaribu. Ikishindwa, kesho yake Kitinda lazima ageuze, la sivyo kazi hana. Na akigeuza, ruhusa nyingine ni ya mwaka kesho, ambapo mama yake atakuwa mtu wa kushika tu.

Mtaa wote ukajua. Kwetu habari haihitaji miguu, inateremka yenyewe. Jioni hiyo akaja Kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ni mtu mwema kupita kiasi, alihamia mjini kwetu miaka ya karibuni, na tangu ahamie mimi ndiye mteja wake wa kila Jumamosi ingawa nywele zenyewe zimeshanihama.

"Mama," akamwambia mke wangu, "kesho ndege itashuka. Hilo niachie mimi na vijana."

"Utaishusha kwa mkasi?" nikamuuliza.

"Mzee Mawe, wewe kazi yako kesho ni kwenda kupokea wageni."

Tukacheka. Mimi nilicheka, basi. Sikuuliza zaidi.

Asubuhi mke wangu alioga mapema, akavaa gauni lake la maua makubwa, ambayo alisema mtoto atayapenda. Akaweka kigoda uani, pale jua linapoanguka kwanza likiamua kuanguka. Akataka kubaki nyumbani. Uwanja wa ndege una kelele, na yeye siku hizo kelele zilikuwa zinamchanganya, hajui zinatoka wapi.

"Nenda," akasema. "Wakitoka uwanjani usimsimulie mtoto hadithi zako njiani. Mlete akiwa na akili zake."

Nikashuka kwa ngazi za mtaa wa waashi, nikavuka daraja, nikafika uwanjani. Wingu lilikuwa limekaa. Jiwe la chini lilionekana, jeupe, kama jino lililobaki peke yake. La kati na la juu hayakuwepo duniani.

Mtazamaji wa sasa ni binti wa marehemu kaka yangu. Kazi nilimfundisha mimi. Alikuwa jukwaani na darubini yake, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Baba mdogo, shikamoo. Huruhusiwi kupanda huku."

"Marahaba. Jukwaa hili nililipigilia misumari kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana linayumba. Shuka, taratibu zimebadilika."

Nikashuka ngazi mbili, nikasimama hapo, si juu wala si chini. Yeye akajifanya haoni.

Tukausikia mlio. Ukaja kutoka kusini, juu ya kifuniko, mwembamba, halafu mnene. Nilijua wako kiti gani, kwa sababu Kitinda alituma ujumbe: dirishani, upande wa kushoto, mtoto hataki mkanda. Fikiria hapo. Mwanao na mjukuu wako wako juu ya kichwa chako, karibu kuliko soko, na kati yenu kuna kitu ambacho ukikishika mkononi ni maji tu.

Raundi ya kwanza.

"Moja," binti huyo akasema dirishani kwa mwenye redio. "Naona moja."

Nikavumilia kidogo. Halafu mdomo ukaniponyoka. "Mwanangu, hilo la kati kama naliona ncha."

"Bila darubini?"

"Macho ya zamani haya."

"Baba mdogo." Hakunitazama. "Nani alinifundisha kwamba jiwe usiloliona halipo?"

"Mtu mmoja mjinga sana."

"Huyo mjinga aliwahi kumrudisha mama yangu angani, mimi nikiwa na miaka sita, nimesimama pale kwenye uzio. Ulishuka hapa ukaninunulia pipi." Akafuta vioo vya darubini kwa pindo la koti. "Aliyemo humo ni dada yangu. Nikiona nitasema. Sioni."

Mtu akikupiga kwa fimbo uliyoichonga mwenyewe unafanyaje, unaisifia fimbo.

Hapo upepo wa korongoni ukaamka. Upepo huo tunaujua, huja karibu na saa sita, unaingia bondeni kwa chini na kulinyanyua wingu taratibu kama mtu anayechungulia sufuria. Jiwe la kati likatoka. Kwanza kijivu, halafu jeupe.

"Mawili!" binti akaita, na sauti yake haikuwa ya kikazi tena. "Mwambie mawili, na linapanda! Asubiri!"

Ndege ikaanza raundi ya pili. Nilikuwa nimeshika mbao za jukwaa, naongea na wingu kwa maneno ambayo wajukuu hawapaswi kuyasikia. Chini ya jiwe la juu palionekana mwanga. Kwa kweli palikuwa panaonekana mwanga. Miaka yote niliyosimama pale nimeliona jambo hilo likianza hivyo hivyo, na likianza hivyo, kwa kawaida linamalizika vizuri.

Ndipo binti akashusha darubini. "Nini kile?"

Upande wa mashariki, kwenye mtaa wetu, moshi ulikuwa unapanda. Si moshi wa kupika. Mweusi, mzito, wa matairi. Ukatokea mwingine pembeni yake, na mwingine, umejipanga mviringo kuzunguka kiwanja cha mpira.

Mviringo ule niliujua. Niliutunga mimi.

Kwa Kinyozi, Jumamosi moja mvua ilipotufungia ndani, niliwapa habari ya bwana harusi. Mwaka ule wa mvua ya kiwendawazimu, nikasema, bwana harusi alikuwa angani na bibi harusi uwanjani, wingu limekaza. Watu wa mtaa wetu wakakusanya matairi na majani, wakawasha mioto kwa mduara. Joto likapanda, likalitoboa wingu tobo safi, la mviringo kama sahani, ndege ikapita katikati na bwana harusi akashuka suti kavu. Watu walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio kidogo. Nikairudia habari hiyo mara nyingi, na tobo likawa linakua. Mwisho nilikuwa napitisha ndege mbili kwa mpigo. Niliona wote wanacheka. Kumbe Kinyozi alikuwa anacheka na kuweka akiba.

Nikatoa simu, nikampigia Kinyozi. Ikaita, ikaita. Akapokea katikati ya makelele.

"Mzee Mawe! Unauona?"

"Zimeni! Zimeni huo moto!"

"Nini? Tuongeze?"

"Zimeni! Mnaziba mawe!"

"Usijali, mzee wangu, tunaongeza! Tairi la lori linakuja sasa hivi! Mtaa mzima uko hapa, mpaka mwalimu mkuu!" Nikamsikia akigeuka na kupaza sauti, "Anasema tuongeze!" Na kelele za shangwe, za watoto na za wanawake, kisha simu ikakatika. Nikapiga tena. Mtandao ukaniambia nijaribu baadaye.

Kutoka uwanjani mpaka kwetu, hata ukikimbia na miguu ya mtu mwingine, huwahi. Nilishuka ngazi, nikapanda tena. Nikapunga mikono kuelekea milimani kana kwamba kuna mtu angeniona. Upepo ule ule mwema wa korongoni ulikuwa unaufuata moshi, unauchukua, unaulaza kwenye mgongo wa mlima. Jiwe la kati likawa kijivu. Likaondoka. La chini likafuata.

Mwenye redio akatoa kichwa dirishani. "Raundi ya tatu. Nimwambie nini?"

Binti aliweka darubini machoni akaikandamiza hadi ikamwachia alama. Nilitaka kusema kitu, na wakati huo huo niliomba nisiseme.

"Hakuna," akasema. "Sioni hata moja."

Ndege ikamaliza duara lake. Mlio ulipoanza kupungua kuelekea kusini, mji ulikuwa kimya wote, na katika ukimya huo, kule kwetu, bado walikuwa wanashangilia. Walidhani inashuka.

Sikumbuki nilivyovuka daraja. Kwenye ngazi za mtaa wa waashi nilikutana na Kinyozi anateremka mbio, uso mweusi kwa masizi, nyusi zimeungua.

"Imetua? Mzee, wako wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa ameshika ua, sijui alilitoa wapi, kwa ajili ya mtoto.

"Wingu lilikuwa gumu," nikamwambia.

"Matairi yalikuwa machache," akasema, na machozi yakachora mistari kwenye masizi. "Nilijua. Niliwaambia yalikuwa machache. Mwaka ule mlitumia mangapi?"

Ungemwambia nini mtu huyo? Nikampiga bega, nikapita.

Mke wangu alikuwa pale pale kwenye kigoda. Maua ya gauni yalikuwa na vumbi jeusi, nalo jua lilikuwa halijafika uani. Alisikia hatua zangu ni za mtu mmoja, akageuza kichwa.

"Imerudi," akasema.

"Imerudi."

"Nilihesabu raundi."

Nikakaa chini, kwenye saruji, karibu na miguu yake. Nikaanza kumweleza, upepo ulivyoamka, jiwe la kati lilivyotoka, na nilipofika kwenye moshi ulimi ukaanza kutafuta njia ya pembeni.

"Najua moshi," akasema. "Walikuja asubuhi kuniomba vitu vya kuchoma. Niliwapa godoro la zamani."

"Uliwapa?"

"Na viti viwili vibovu."

"Lakini wewe unaijua ile habari. Unajua ni... Wewe ulikuwepo miaka yote hiyo. Hakukuwa na bwana harusi."

"Nilijua ni uongo wako tangu mwanzo." Alikuwa anapangusa magoti, kama kuna makombo. "Nilijua. Nikawaza, huenda mara hii tu."

Majirani walikuwa wanapita nje wakiteremsha sauti wanapofika mlangoni petu. Mimi sina utajiri, elimu yangu niliiokota njiani, na uzee nao ndio huu. Kitu pekee nilicho nacho cha kumpa mtu ni maneno. Nikavuta pumzi.

"Nikwambie alivyo? Kitinda alinitumia picha nyingine leo, yuko dirishani. Ana kidevu cha..."

"Usiniambie."

"Kidogo tu. Mdomo wake..."

"Nyamaza." Hakufoka. Aliutafuta mdomo wangu kwa mkono akaufunika kwa kiganja. "Ukishaniambia mdomo wake ukoje, mimi nitauona huo mpaka nife. Na utakuwa wa kwako ulioutunga, si wa kwake. Niachie pawe patupu."

Kiganja chake kilinuka sabuni. Nikanyamaza nacho hapo.

Simu iliita wingu likiwa limepasuka kidogo, jua limeshavuka uani kwetu na kupanda ukuta wa Kinyozi. Alikuwa Kitinda, kwa sauti tu bila picha, yuko uwanjani tambarare, sauti imekauka kwa kulia. Waliongea yeye na mama yake, maneno machache, ya kuulizana kama wamekula. Kisha mtoto akaichukua simu kwa nguvu, tulisikia purukushani yake.

"Bibi! Tulikuwa juu ya mawingu! Kulikuwa na jua huko!"

"Kweli?" Mke wangu akabonyeza spika. "Jua kali?"

"Kali sana! Mawingu meupe, mengi, mengi. Mama alisema wewe uko chini yake. Nilikupungia mkono. Uliniona?"

"Mkono gani?"

"Huu!"

Mke wangu aliinuka, akapapasa ukuta, akaenda mpaka pale jua lilipokuwa limebakia, kipande kidogo, juu juu. Akainua simu kwenye huo mwanga. Hakuiweka sikioni. Aliisogeza kwenye jicho lake lililobaki na katundu, karibu kabisa, huku mtoto akiendelea kupiga kelele humo ndani kwamba ni huu, bibi, ni huu hapa.